Reli Mpaka Kitovuni

Kampuni ilipomstaafisha mzee Bartolomeo Kalinga ilimpa saa ya ukutani na soda, ikampiga picha, ikamwambia akapumzike. Mguu wake wa kulia haukuambiwa kitu. Mpaka leo unakanyaga mafuta. Kanisani watu wameinamisha vichwa, mguu unakanyaga. Mezani unakanyaga. Akisubiri chai ichemke, kisigino kiko chini, vidole vinapanda na kushuka, kama bado anapandisha lori mlima wa Kitonga na mzigo wa saruji mgongoni. Mkewe, Lea, alikata kipande cha godoro akakitandika chini ya meza ili vikombe visilie.

"Baba Tumpe, umeshapaki," humwambia. "Hapa ni nyumbani."

"Najua."

"Sasa unamkimbiza nani?"

Hilo ndilo asilolijua. Nyumba yao iko Uyole, juu kidogo ya pale barabara ya Tukuyu inapoachana na barabara kuu, na malori ya pale hayana muda wa kulala. Mzee ameketi ndani, mlango umefungwa kwa ajili ya baridi, anasikia gari linabadili gia, anasema, "Huyo klachi imekwisha." Hakuna aliyemuuliza. Anatoka, anakwenda njia panda, anatazama, anarudi. Chai haijapoa, anatoka tena. Zamani madereva walikuwa wakimpigia honi. Siku hizi wamejaa vijana wasiomjua, wanapita na muziki wao, na yeye amesimama pale na koti lake kubwa kama kibao cha njia kilichofutika maandishi.

Mguu huohuo ndio uliomponza. Alisimama Nyololo kununua mahindi ya kuchoma, akaruka kutoka kwenye kebini kama alivyoruka maisha yake yote, na mguu ukazima. Haukuuma, haukuteguka. Ulizima tu, kama gari lililokatiwa mafuta, na mzee akalala ubavuni mwa tairi lake mwenyewe mbele ya kina mama wauza mahindi. Hospitali walisema ni mishipa ya fahamu. Tangu siku hiyo unazima unapotaka: kwenye ngazi za kanisa, kwenye matuta ya viazi, mlangoni kwa watu. Baada ya muda unawaka wenyewe. Mguu wa ajabu ule. Ukitakiwa kutulia unakanyaga, ukitakiwa kusimama unazima.

Sasa mtu wa namna hiyo, Mhehe wa Kilolo, mtoto wa mlimani, asiyeweza kuogelea hata kwenye karai, alikuwa na boti. Tena boti ya matanga.

Aliachiwa na daktari mmoja mzee, Mdenmaki aliyefundisha Iringa miaka mingi mpaka Kiswahili chake kikawa kizuri kuliko cha wagonjwa wake. Kila kiangazi daktari yule alitaka boti yake ishushwe Matema, Ziwa Nyasa, na mvua zikikaribia ipandishwe tena Iringa. Wa kuipeleka alikuwa Kalinga. Wanaifunga juu ya lori, mlingoti umelazwa, kamba huku, kamba kule, safari. Wakifika ufukweni wanaiteremsha, Kalinga anageuza gari akachukue mzigo wa kurudi nao. Kwa hiyo boti ile aliiendesha kuliko mwenyewe, ila aliiendesha kwenye lami. Majini hajawahi kuikanyaga hata siku moja. Daktari alipochoka na kurudi kwao moja kwa moja, alimwambia, "Kalinga, chukua wewe. Wewe ndiye inayekujua."

Ikawekwa uani Uyole, juu ya matairi mabovu, kati ya jiko na shamba la viazi. Kuku wakataga ndani yake. Bodaboda wakamwita mzee Nuhu. Kila asubuhi alipanda, akaketi kule nyuma penye usukani, uso ameuelekeza barabara kuu, mguu ukakanyaga.

Hayo Lea aliyavumilia. Kilichomshinda ni siku mzee aliposema kiangazi hiki anaishusha Matema, anaingia nayo majini.

Lea ni wa Matema. Amezaliwa hatua chache kutoka ziwani, na ziwa lile amelitazama likiwapokea watu wenye miguu mizima yote miwili na kuwarudisha wamevimba. Hakupiga kelele. Aliacha kumenya viazi, akapanda kwenye boti kwa mara ya kwanza, akaizunguka, akafika kwenye vyuma vya pembeni. Boti ile ilikuwa na reli kuzunguka kingo zake: nguzo fupi za chuma na bomba jembamba juu yake. Lea akamwita mumewe asimame kando ya reli. Ilimfika gotini.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kuzuia mtu asianguke."

"Reli ya gotini haizuii mtu, Baba Tumpe. Inampiga ngwala."

Mzee akacheka. Lea hakucheka. Kesho yake asubuhi mzee alipanda kuketi mahali pake, akapeleka mkono kushika usukani, akashika hewa. Usukani wa boti ile si wa duara kama wa lori. Ni gongo refu la mti, limechongwa bapa upande mmoja, unalichomeka nyuma na kulichomoa ukimaliza. Gongo halikuwepo. Alitafuta chini ya matairi, darini, kwenye banda la mbuzi.

"Mama Tumpe! Usukani wangu uko wapi?"

"Nimeuhifadhi."

"Umeuhifadhi wapi?"

"Pazuri. Inua reli zifike kitovuni, utaupata. Mtu huanguka kuanzia kitovu kwenda juu. Kitovu kikiwa ndani, na mtu yuko ndani."

"Hiyo itakuwa boti au zizi?"

"Zizi lenyewe lina faida. Ng'ombe hajawahi kuzama zizini."

Mzee akagoma. Akagoma chakula, akala. Akagoma kuongea, akaongea. Akaenda njia panda na kurudi mpaka viatu vikaomba msamaha. Ziwa lipo, boti ipo, upepo wa kiangazi umeshaanza, na yeye amefungiwa breki na gongo la mti. Mwishowe akampigia simu Gideoni.

Gideoni ni fundi wa kuchomelea hapohapo Uyole. Mageti, madirisha, bodi za Fuso za kubebea ng'ombe, vitanda vya bweni: nenda kamuulize, atakutengenezea, na atakueleza alivyotengeneza hata kama hukuuliza. Alikuja na jenereta yake, mashine, paipu za maji za chuma, na maneno.

"Shikamoo Nuhu."

"Marahaba. Nani kakufundisha hilo jina?"

"Mji mzima, mzee wangu. Mimi nimechelewa kulisikia. Haya, kitovu kiko wapi?"

Lea mwenyewe alitoka jikoni kusimamia. Alimsimamisha mumewe katikati ya boti, kando ya nguzo ya kati, akampandisha sweta mbele ya fundi na mbele ya kuku, akaweka kidole kitovuni na kuchora alama ya chaki kwenye mti alioushika Gideoni.

"Hapo. Chini ya hapo sitaki."

"Mama, hii nimeiona, hata nikifumba macho nitakiona kitovu cha mzee."

Lea akachukua kikapu akaenda sokoni. Gideoni akatandika magunia yaliyoloweshwa ili cheche zisiunguze mwili wa boti, ambao ni wa faiba, akachomelea nguzo ya kati kwa kipimo cha chaki. Kisha akatoa pima maji. Kila fundi anayo: ile rula nene yenye kichupa katikati na povu ndani yake, povu likikaa katikati ujue kazi imenyooka. Akaiweka juu ya bomba, akaenda nayo mbele mpaka puani mwa boti, akarudi nayo mpaka nyuma, povu halitoki katikati. Kazi safi.

Ila mzee, alipoketi kule nyuma mahali pake, aliona bomba liko kifuani.

"Gideoni, mbona huku ndefu?"

"Ndefu wapi?"

"Nimekwambia kitovuni. Hiki si kitovu, hiki ni kifua."

"Mzee, mimi na wewe tunaweza kukosea. Pima maji haikosei. Tazama povu. Liko wapi?"

"Liko katikati."

"Basi macho yako ndiyo yamepinda. Huo ni uzee, hauna fundi."

Na kweli, ukitazama kutoka jikoni, reli ilinyooka kama upeo. Mzee akarudi kushika bomba. Hajui boti ikiwa majini inatakiwa kuonekanaje, na wa kumuuliza yuko Denmaki.

Vijiti vya kuchomelea vikamwishia Gideoni. Akapiga simu kwa Mama Sekela, anayeuza chai kando ya karakana yake, ampe bodaboda pakiti nyingine alete. Jenereta inanguruma, yeye anapaza sauti: "Mimi leo sirudi mapema! Niko kwa mzee Kalinga! Kuna shughuli ya matanga hapa!" Simu ikakatika.

Neno matanga mzee alilitoa kwa daktari, na Gideoni alilitoa kwa mzee. Ufukweni ni vitambaa vya kukamatia upepo. Uyole, kwenye mashamba ya viazi, tanga la kukamatia upepo nani amelihitaji? Uyole matanga ni kilio, turubai, na watu kulala kwa mfiwa. Mama Sekela, ambaye pia ndiye kiongozi wa kwaya, alisikia Kalinga, akasikia matanga, mengine akamalizia mwenyewe. Akafunika birika.

Mzee alikuwa amesimama juu ya boti akimshikia fundi bomba aliposikia wimbo. Wa taratibu, wa sauti za chini, ule unaoimbwa watu wakiwa njiani. Akageuka. Wanawake walikuwa wanaingia uani wawili wawili, kanga zimefungwa kiunoni, mmoja na kuni kichwani, mwingine na unga, mwingine na maharage, Mama Sekela mbele ameinamisha uso. Gideoni akazima mashine.

"Jamani," mzee akaita kutoka juu, "nani kafa?"

Wimbo ukakatika katikati ya neno. Mama Sekela akainua macho, akamwona, mkono ukaenda mdomoni.

"Wewe," akasema.

Kucheka kungeanza pale pale, na Gideoni alishafungua mdomo tayari, lakini nyuma ya kwaya mzee alimwona mkewe. Lea alikuwa ametoka sokoni, akawakuta njiani wakiimba kuelekea kwake. Hakuuliza mtu. Nani aulize, na nyumbani amemwacha mmoja tu? Alikuwa amesimama langoni, kiatu kimoja mguuni, kingine kimebaki huko vilikobaki kikapu na kabichi. Alimtazama mumewe juu ya boti. Kisha akaketi chini, palepale kwenye vumbi, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto.

Mzee alitaka kushuka amfuate. Mguu ukazima. Akabaki ameshika reli mpya, inamshikilia kweli, na mkewe yuko kule chini na wanawake wa kwaya ndio waliomwinua.

Unga ukishatoka nyumbani kwenda msibani haurudishwi, alisema Mama Sekela, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kumbishia. Wakawasha moto. Sufuria ikaletwa ile ya sherehe, na mwiko wa nyumbani ukaonekana ni kijiko ndani yake, ndipo Lea akaingia ndani akatoka na mwiko mrefu ambao mzee, kwa moshi wa kuni, hakuuona vizuri, akausonga ugali mwenyewe bila kumtazama mtu. Mzee alikula matanga yake mwenyewe. Alikula akaongeza, akisema ugali umesongeka.

Lakini maneno ya pale hayakumshuka. Watu wakishakaa mkao wa msiba, ulimi nao hukaa mkao huo.

"Alikuwa dereva mzuri, mzee Kalinga," mmoja akasema.

"Niko hapa," mzee akasema.

"Ndiyo, baba. Alikuwa hagongi hata kuku."

Na Mama Sekela, akipangusa mikono, akamalizia: "Mimi njiani nilikuwa najiuliza nitasema nini kaburini. Tusidanganyane, mzee, wewe hatukujui. Miaka yote uko barabarani. Sisi tulikuja kwa ajili ya Mama Tumpe."

Akasema bila ubaya, kama mtu anayesema chumvi imepungua. Mguu wa mzee ukaanza kukanyaga, na hapa nje hakuna godoro, kila mtu aliusikia.

Asubuhi, akiwa anamkorogea uji, Lea alisema: "Jana nilikuzika kutoka sokoni mpaka getini. Sirudii. Matema tutakwenda wote. Usukani nitaushika mimi mpaka kwenye maji. Tukifika, nikikuta reli mahali popote iko chini ya kitovu chako, hata kama ni kwa kidole, tunapakia tunarudi. Na hiyo boti utaifugia kuku mpaka nife mimi."

"Hewala."

"Sema nimesikia."

"Nimesikia, Mama Tumpe."

Gari la kuwapeleka lilikuwa Fuso ya Mwigulu, Msukuma wa Usangu, anayepandisha mpunga na ng'ombe kutoka bondeni, mmoja wa wachache ambao bado wanampigia mzee honi. Gideoni alipanda pia, aone kazi yake ikibatizwa. Mzee aliketi mbele na Mwigulu, na kutoka Uyole mpaka Tukuyu, kupita chai, kupita migomba, kushuka kwenye joto, alikanyaga sakafu ya upande wa abiria mpaka Mwigulu akasema, "Mzee, ukiendelea hivyo utaitoboa, halafu tutapunguza mwendo kwa miguu kama watoto."

"Mpite huyo wa mbele."

"Yuko kwenye kona."

"Kona hiyo mimi nilikuwa naipita."

"Ndiyo maana ulipewa saa ya ukutani."

Ufukweni aliwasubiri Fanueli, mdogo wake Lea. Ni mvuvi, na miaka yote ya daktari yeye ndiye aliyekuwa akimshikia kamba majini. Alikuwa ameleta majaketi ya kuokolea ya rangi ya machungwa. Mzee akavalishwa la kwake juu ya koti lake la Uyole, kwenye joto lile, na Mwigulu akasema anafanana na mtungi wa gesi. Wakaishusha boti wote pamoja na vijana wa pwani ile, wakaisukuma mpaka maji yakaibeba.

Na hapo ndipo Gideoni alipotoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa.

Uani Uyole hakuna mahali palipo sawa. Boti ilikaa juu ya matairi, pua juu, mkia umeelekea bondeni, na pima maji ikanyoosha reli kwa usawa wa dunia, si kwa usawa wa boti iliyoinama. Sasa boti imekaa sawa juu ya maji, na reli ndiyo imeinama. Katikati kitovuni. Nyuma kifuani. Mbele inashuka, inashuka, mpaka puani imerudi palepale ilipotoka, gotini. Ilionekana kama boti inayotelemka mlima.

"Mimi nimetumia pima maji," Gideoni akasema.

"Hiyo pima maji yako," Mwigulu akamuuliza, "imewahi kuona maji?"

Hakuna aliyethubutu kumtazama Lea. Fanueli, ili apate cha kufanya, akasimamisha mlingoti, akapandisha tanga. Tanga lile lina mti mrefu chini yake, unaolala kutoka mlingotini kwenda nyuma, na upepo ukibadilika mti huo hupita juu ya boti kutoka upande hadi upande. Upepo ukashika. Mti ukaja, ukagonga reli ya nyuma, paa! Ukarudi, ukagonga ya upande wa pili, paa! Haukutoka nje hata shubiri. Tanga lililofungiwa zizini.

"Shemeji," Fanueli akasema, "hivi haiendi. Hizi za nyuma zikatwe."

"Zikatwe kwa meno?" Gideoni akajibu. "Mashine iko Uyole."

Mzee aliangalia ule mti. Kusafiri majini hakujui, ila kufunga mzigo anakujua. "Shusha tanga," akasema. "Daktari tulipokuwa tunapakia alikuwa analizungushia kwenye huu mti, namna hii, kama mkeka. Zungusha kidogo tu, halafu pandisha. Tanga likiwa fupi, mti si utakaa juu zaidi?"

Wakazungusha, wakapandisha. Mti ukapaa juu ya reli, ukapita huku, ukapita kule, haukugusa kitu. Tanga lilikuwa limebaki kama shati la mdogo wako.

"Itakwenda," Fanueli akasema, "ila polepole."

"Polepole kiasi gani?" mzee akauliza, kwa uchungu kabisa.

Lakini Lea alikuwa ameshaingia majini, kanga imelowa mpaka mapajani, anatembea kando ya boti kuelekea mbele, kiganja juu ya bomba. Alipofika puani akasimama. Kiganja kilikuwa chini sana. Alimgeukia mumewe, akangoja.

Mzee alikuwa na la kusema. Alikuwa nayo mengi. Upepo ndio huu, umbali wote ule, watu wamekuja, kosa ni la fundi, na yeye katika maisha yake ya barabara hajawahi kufika na mzigo akarudi nao. Mguu wake ulikuwa unakanyaga mchanga ndani ya maji, unachimba, maji yanachafuka. Akamwangalia Lea, miguu yake imezama kwenye maji, haionekani, na akamwona tena kwenye vumbi la getini na kiatu kimoja.

"Mwigulu," akasema, "rudisha gari nyuma. Tunapakia."

"Mzee?"

"Nilisema nimesikia. Leteni kamba."

Akaishika kamba ya kwanza mwenyewe, akaanza kulegeza alichofunga Fanueli. Mikono yake inajua kufunga na kufungua, ilikwenda haraka kuliko uso wake. Gideoni alikuwa anataka ziwa limmeze.

"Baba Tumpe." Lea alikuwa bado kule mbele. "Hii boti ikienda, wewe unakaa wapi?"

"Nyuma. Kwenye usukani."

"Panda ukae."

Akapanda kwa msaada wa Fanueli, akaketi. Lea akaja, akamwangalia reli ilivyompita kitovu, ikapita mbavu, ikamfika kifuani.

"Simama."

Akasimama. Hata akisimama ilimpita kitovu kwa mbali.

"Ukiwa hapo, huko mbele una shida gani?"

"Sina."

"Hutasogea?"

"Sisogei."

"Wewe? Husogei?"

Mwigulu akaanza kucheka, na vijana wa ufukweni ambao hata hawamjui mzee wakacheka pia. Lea akasema yeye atakaa mbele, mahali pa gotini, maana yeye miguu yake haizimi na ndani ya maji haya ndimo alimojifunzia kutembea. Na mzee akijaribu kuvuka ule mlingoti atamrudisha kwa makofi. Kisha akaenda kwenye Fuso, akachukua mzigo mrefu aliokuwa ameuviringisha kwenye kanga tangu Uyole, akaufungua.

Gongo la usukani. Upande wake bapa ulikuwa mweupe, umeganda ugali kwenye nyufa.

Mzee akaligeuza. Akalinusa. Kisha sufuria ya sherehe ikamjia kichwani, na ule mwiko mrefu, na alivyoongeza.

"Mama Tumpe. Ule ugali..."

"Ulisema umesongeka."

"Umeusongea matanga yangu kwa usukani wangu!"

"Ningeuweka wapi usipouona? Jikoni huingii."

Mzee akauchomeka nyuma. Fanueli akashika kamba, Lea akakaa puani amewapa mgongo, boti ikatoka.

Ilitoka kama lori linaloshuka Kitonga kwa gia ya kwanza. Maji yalipita ubavuni bila haraka. Mzee alishika usukani kwa mikono miwili, reli kifuani, jaketi la machungwa linamkaba, mguu wa kulia unakanyaga, unakanyaga, na chini ya mguu hakuna kitu cha kuongeza mwendo. Alilisukuma tanga kwa macho. Mtumbwi ukatokea nyuma yao. Ulikuwa umejaa vyungu vya sokoni, mwanamke mmoja anapiga kasia, na mzee alimtazama akikaribia, akilingana nao, akipita.

"Ametuovateki," mzee akasema. "Ametuovateki na vyungu!"

"Mpigie honi," Fanueli akamwambia.

Yule mwanamke akawaangalia, akaangalia reli, akaangalia mzee alivyochungulia juu yake, akamwita Lea kwa Kinyakyusa, kisha kwa Kiswahili ili na mzee asikie: "Dada, huyo mnampeleka mnada gani?"

Lea akacheka. Mzee alimwona mabega tu, kwa nyuma, yakitikisika, mara ya kwanza tangu ile siku ya kuni na unga. Akasubiri yatulie. Mtumbwi ulishakuwa mbali, milima ya ng'ambo, upande wa Malawi, haikusogea, na hakuna kibao popote cha kumwambia zimebaki kilomita ngapi.

"Mama Tumpe! Tunakwenda mpaka wapi?"

Lea hakugeuka. "Mpaka utulie."

Mzee Kalinga akautazama mguu wake.

"Fanueli," akasema, "Malawi wanadai pasipoti?"